Mama wa Pili

Mama wa pili alifika Jumanne saa tatu asubuhi, wiki saba baada ya mama wa kwanza kumchukua mtoto na kwenda zake.

Alikuja na mfuko wa nailoni wenye cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki iliyochanika kwenye mikunjo, na picha ya mtoto wa darasa la pili asiye na meno ya mbele. Mlinzi wa getini alimwandika kwenye daftari la wageni, akamuuliza anamtaka nani, na aliposikia jina la mtoto akadhani mama wa watu kachanganyikiwa. Akamwambia kwa upole kwamba huyo hayupo, ameshachukuliwa na mama yake. Mwanamke yule akakaa chini palepale kwenye changarawe na kukataa kuinuka.

Nyumba ile ya hifadhi ilikuwa ikipokea mabinti waliotolewa kwenye majumba ya watu, wale walioahidiwa shule wakapewa mafagio. Mkuu wake alikuwa afisa ustawi wa jamii, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mnene, mwenye sauti ya kubembeleza. Mabinti wote walimwita Shangazi, na kadiri miaka ilivyokwenda hata mahakimu nao wakazoea kumwita hivyohivyo. Shangazi ndiye aliyempigia simu Inspekta. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka tisa, Inspekta akikamata na Shangazi akitunza, na hawakuwa watu wa kupigiana simu kwa ajili ya salamu.

"Njoo," alisema Shangazi. "Nina mama wawili na mtoto hayupo."

Inspekta alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, aliyestahili kupandishwa cheo mara mbili na mara mbili akanyimwa kwa sababu ya mdomo wake. Alifika, hakukaa, akaomba faili.

Mtoto alikuwa na jina lake zuri tu kwenye faili, lakini mle ndani hakuna aliyelitumia. Walimwita Maswali, kwa sababu hakuna jambo aliloambiwa akaliacha lipite bila kuuliza kwa nini. Miaka kumi na mitatu. Mjomba wake alimchukua kwa mama yake, mji mwingine, akiwa na kumi, akisema anampeleka shule ya bweni. Akaishia kulea mapacha wa watu na kulala stoo. Inspekta mwenyewe ndiye aliyevunja mlango wa stoo hiyo, na njiani kuja hapa mtoto alimuuliza maswali kumi na moja, mengine ya maana kuliko ya mawakili.

Faili za Shangazi zilikuwa na sifa mpaka mahakamani. Kila ukurasa una namba, kila namba ina tarehe, kila tarehe ina saini. Inspekta alifungua fomu ya utambuzi, ile ambayo mzazi hujibu maswali kumi juu ya mwanawe akiwa peke yake chumbani. Mama wa kwanza alikuwa amepata kumi kwa kumi. Shangazi alikuwa amepiga mstari chini yake kwa kalamu nyekundu.

"Mama gani anapata kumi kwa kumi?" aliuliza Inspekta. "Mimi ninao wawili na sikumbuki yupi kati yao aliugua surua."

"Mama aliyepotelewa anakumbuka kila kitu."

"Aliyepotelewa analia kwanza. Huyu umeandika alimaliza kwa dakika sita."

Inspekta alikuwa ameshafika kwenye hitimisho lake: yule mwanamke alisomeshwa majibu, na aliyemsomesha alisoma faili hili. Akauliza funguo za ofisi anazo nani. Shangazi anazo, na mlinzi anazo, kwa kuwa ndiye anayefungua asubuhi kabla ya wafagiaji.

Basi mlinzi akawekwa kiti moto. Alikuwa mjane, mstaafu wa jeshi, mtu wa kupiga pasi sare yake mwenyewe. Inspekta alimwambia aweke simu mezani, akaipekua mbele yake polepole, mpaka jasho likaanza kumtoka chini ya kofia. Hakuhitaji kwenda mbali. Namba ya mama wa kwanza, ileile iliyoandikwa kwenye fomu, ilikuwa imepigwa mara saba.

"Hii unaijua?"

"Naijua, afande. Ya mama yake Maswali."

"Mara saba. Ulikuwa unamuuliza nini? Kama mzigo umefika salama?"

Mlinzi akasema alitaka kumsalimia mtoto.

"Ana miaka kumi na mitatu, wewe una sitini," alisema Inspekta. "Salamu gani hiyo mzee? Hebu nieleweshe, na useme taratibu, maana nitaiandika na wajukuu zako wataisoma."

Mzee akavua kofia akaiweka magotini. Alijieleza kwa shida, na Inspekta hakumsaidia hata kidogo. Alisema Maswali alikuwa anakaa naye getini jioni, akimsomea majina kwenye daftari, kwa kuwa yeye maandishi madogo hayaoni tena. Siku aliyochukuliwa alishikilia nondo za geti mpaka dereva wa gari la kukodi akapiga honi. Mzee hilo halikumkaa vizuri. Akachukua namba kwenye daftari, akawa anapiga kila Jumapili, na hata siku moja haikupokelewa.

"Na hukumwambia mtu?"

"Nilimwambia Shangazi wiki ya pili. Akasema familia ikiungana tuipe nafasi ipumue."

Inspekta aligeuka. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, akaitikia kwa kichwa tu. Inspekta akamrudishia mzee simu yake na kumwambia aende. Hakumwomba radhi, kwa kuwa kuomba radhi hakukuwa tabia yake, na hiyo haikuwa sifa njema. Mzee alirudi getini akiwa ameishika kofia mkononi, na siku ile hakuivaa tena.

Ilibaki kumhoji mama wa pili. Walimkalisha chumba kilekile, meza ileile, wakampa maswali yaleyale kumi. Alikuwa mwembamba, mikono imepasukapasuka vidoleni, na kabla ya swali la kwanza alilia mpaka ikabidi wamsubiri. Swali la mwalimu wa darasa la tatu lilimshinda. Alisema alikuwa anaingia kazini alfajiri na kutoka usiku, mwalimu hakuwahi kumwona. La mdogo wake mtoto aliyefariki alilijibu kwa jina na kwa siku. Swali la saba liliuliza alama ya mwilini.

"Kovu la moto," alisema. "Mkono wa kulia, chini ya kiwiko. Uji ulimmwagikia. Mimi nilikuwa zamu, sikuwepo."

Nje kwenye korido Shangazi alimshika Inspekta mkono, na usoni mwake kulikuwa na nafuu ambayo Inspekta hakuipenda. Mama wa kwanza alisema kushoto, alinong'ona Shangazi. Basi huyu ndiye mwongo. Huyu hata mkono wa mwanawe haujui.

Inspekta akafungua faili ukurasa wa tatu, fomu ya daktari aliyempima mtoto siku ya kwanza. Daktari alikuwa amechora umbo la mtu na kutia alama ya msalaba kwenye kovu. Mkono wa kulia. Shangazi aliiangalia ile alama, akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta.

"Usizimie bado," alisema Inspekta. "Kuna jambo zaidi. Faili linasema kulia. Mwongo alisema kushoto. Kwa hiyo mwongo hakusoma faili. Nimemtoa mzee wa watu jasho bure. Kuna karatasi nyingine mahali fulani yenye habari zote za mtoto huyu, sahihi kuanzia mwanzo hadi mwisho, isipokuwa mkono. Nani aliiandika?"

Jibu lilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni. Inspekta alimuuliza mama wa pili alijuaje kuwa mwanawe yuko hapa, baada ya miaka mitatu, na mama akatoa kijitabu. Kilibandikwa kwenye ubao wa matangazo hospitalini anakofanya kazi ya kufua, na wiki iliyopita nesi mmoja alimsomea wakati wa mapumziko. Kilikuwa kijitabu cha kampeni dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, karatasi nzuri inayong'aa, chenye visa sita vya watoto waliookolewa. Majina yamebadilishwa. Nyuso hazikuonyeshwa. Kisa cha nne kilikuwa na picha ya mkono wa mtoto wenye kovu, umewekwa juu ya daftari la shule.

"Nilijua ni wangu," alisema mama, "ila picha wameigeuza. Wangu aliungua mkono huu."

Inspekta alisoma kisa cha nne kwa sauti, sentensi moja moja, Shangazi akiwa amesimama mbele yake. Mama mfuaji wa hospitali. Mdogo wake aliyekufa kwa homa, siku ya mvua. Mjomba. Mwalimu wa darasa la tatu aliyempa kalamu ya risasi. Wimbo wa kumlaza. Majibu ya maswali yote kumi yalikuwamo, kwa kuwa maswali yenyewe na kisa chenyewe vilitoka kwenye masimulizi ya mtoto yaleyale, na vyote viliandikwa na mtu mmoja. Mchapaji aliigeuza picha ili apate nafasi ya maandishi, na Shangazi aliposahihisha fomu alikumbuka picha, si mkono. Namba ya simu ya nyumba ya hifadhi ilikuwa chini ya ukurasa, kwa herufi nene.

"Vilichapwa vingapi?"

"Elfu tatu," alisema Shangazi. "Ilikuwa lazima watu waguswe. Ukisema takwimu hawaguswi."

"Yupo aliyeguswa. Alikuja na gari la kukodi."

Yalikuwa maneno mabaya na Inspekta alijua ni mabaya alipoyasema. Lakini hasira ilikuwa imempanda, na ilipompanda alikuwa hachagui. Akamwagiza Shangazi awapigie simu wote walio na wale watoto wengine watano, kabla hata ya kunywa maji. Watoto watatu bado walikuwa mle ndani. Wawili walishachukuliwa na ndugu zao, na simu zikapokelewa na watoto wenyewe. Hilo angalau likawa shwari.

Wakati Shangazi anapiga simu, Inspekta aliendelea kusoma faili kwa utaratibu wake, hata kurasa ambazo mtu mwingine angeziruka. Ukurasa wa thelathini na moja ulikuwa mazungumzo ya mwisho na mtoto, siku moja kabla ya kukabidhiwa. Mwandiko wa Shangazi, mzuri, wa duara.

"Mtoto anasema: Yule si mama yangu. Amerudia mara tatu. Amekataa kula. Tathmini: hasira dhidi ya mzazi aliyeshindwa kumlinda, hali ya kawaida kwa waliotoka kwenye utumwa wa majumbani. Mtoto anaweza kumkana mzazi kwa maumivu. Napendekeza waunganishwe bila kuchelewa."

Inspekta aliisoma mara mbili. Aliwahi kukaa kwenye semina ya mambo hayo. Ni kweli walifundishwa hivyo, na ni kweli watoto wengine huwakana wazazi wao. Mtu ambaye hakusoma asingeweza kulifanya kosa hili. Alilibeba lile faili mpaka mezani kwa Shangazi, akaliweka limefunguka, akasubiri.

Shangazi alisoma hadi mwisho. Akauliza kama mama yake Maswali amesomewa ukurasa ule. Inspekta akasema bado. Shangazi akakaa, akawa anakunja na kukunjua kona ya karatasi, na Inspekta akamnyang'anya, kwa sababu karatasi ile sasa ilikuwa kielelezo.

Ilibaki swali la mtoto yuko wapi. Namba ya simu ilikuwa imekufa. Barua ya serikali ya mtaa aliyokuja nayo mama wa kwanza ilikuwa na muhuri bandia wa kuchonga. Kilichobaki ni picha moja. Wiki ya tatu mama wa kwanza aliituma mwenyewe kwa namba nyingine, ambayo nayo sasa imekufa, pamoja na shukrani nyingi, na Shangazi akaichapa na kuibandika kwenye fomu ya ufuatiliaji. Pembeni aliandika: mtoto anaonekana mwenye furaha. Ilimwonyesha mwanamke mwenye kilemba na Maswali, wamekaa ukingoni mwa kitanda, ukuta mweupe nyuma yao. Inspekta aliiangalia kwa kioo cha kukuzia. Hakuna dirisha, hakuna kalenda, hakuna kitu. Akaona bora amwonyeshe mama wa pili, huenda akamtambua huyo mwanamke.

Mama hakumtazama mwanamke hata kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona mwanawe baada ya miaka mitatu, akapitisha kidole juu ya uso, juu ya nywele zilizonyolewa, akashuka mpaka mkononi. Kisha kidole kikasimama kwenye kitanda.

"Hili shuka nalifua mimi," alisema.

Inspekta alimwambia aseme tena.

Mama akaeleza. Baada ya mwanawe kupotea aliacha kazi kule kwao, akaja mji huu kwa kuwa mjomba aliutaja, akapata kazi ileile ya kufua kwenye hospitali nyingine. Ndiyo maana barua ya Shangazi kule kwao haikumpata. Hospitali hii huazimisha vitanda kwa familia zenye wagonjwa wasioweza kuinuka, na kila Alhamisi gari hupita kuchukua mashuka machafu na kuacha safi. Ndugu hawataki mashuka yao yachanganywe na ya wengine, kwa hiyo kila nyumba ina namba yake, inayoshonwa kwa uzi wa kijani kwenye kona. Kuzishona ni kazi yake. Aliwaonyesha kona kwenye picha, pale shuka lilipokunjika chini ya goti la Maswali. Kumi na nne.

"Nalifua kila Alhamisi," alisema. "Kuna Alhamisi moja lilikuja na damu. Nikaliroweka kwenye maji ya baridi, likatoka. Nikasema huyu mgonjwa anapata tabu."

Inspekta alijua mgonjwa asiyeinuka hatokwi na damu hivyo. Akaiandika namba kumi na nne. Mama naye alikuwa ameanza kufikiri, ilionekana usoni.

Kabla ya kwenda kwenye nyumba hiyo Inspekta alipitia kwa hakimu. Aliomba hati ya upekuzi, na pamoja nayo akaomba amri nyingine, kwa maneno aliyoyapanga mwenyewe: mtoto akipatikana arudishwe hifadhini, asikabidhiwe kwa yeyote anayejiita mzazi mpaka majibu ya vinasaba yatoke maabara. Siku thelathini, pengine na zaidi. Alieleza sababu. Mtoto huyu ameshakabidhiwa mama mmoja kwa karatasi za serikali. Akikabidhiwa wa pili kwa machozi tu, wakili wa upande wa pili ataichana kesi na yule mwanamke mwenye kilemba atatoka akicheka. Hakimu akakubali bila kubisha. Inspekta aliikunja amri na kuitia mfukoni akiwa ameridhika na kazi yake.

Nyumba namba kumi na nne ilikuwa na bustani iliyofagiwa na geti lililopakwa rangi mwaka huo. Inspekta alimwacha mama nje na askari dereva, akaingia na Shangazi, kwa kuwa sheria inataka afisa ustawi awepo. Mwenye nyumba alikuwa mstaafu wa ofisi fulani, miwani shingoni kwa kamba, mtu wa adabu. Hakukimbia wala hakupandisha sauti. Alisema binti yupo, anamtunza mama yake mzazi aliyepigwa na kiharusi, na wamempata kwa njia halali.

Akaleta bahasha. Ndani mlikuwa na makubaliano ya kazi ya miaka mitano, yaliyosainiwa na mama wa kwanza. Mlikuwa pia na nakala ya hati ya makabidhiano ya nyumba ya hifadhi, yenye muhuri na saini, ikithibitisha kwamba mbebaji wake ni mama halali wa mtoto.

"Nilimwambia yule mama sitaki mtoto asiye na karatasi," alisema mwenye nyumba. "Siku hizi kuna mambo ya usafirishaji wa binadamu, mtu unafungwa hivihivi. Hii ndiyo iliyonitoa wasiwasi."

Alimpa Shangazi ile hati aione. Shangazi aliishika, akaitazama saini yake mwenyewe, akairudisha.

Maswali alikuwa chumba cha nyuma. Alikuwa anamgeuza bibi kizee kitandani, mkono mmoja begani, mwingine nyongani, miguu ameipanua ili apate nguvu. Godoro lake lilikuwa sakafuni chini ya kitanda. Kwenye kiganja cha kushoto alikuwa na jeraha refu lililofunga vibaya, na alipogeuka waliona shingo ina alama ya mkanda. Alimaliza kwanza kumlaza mgonjwa vizuri na kumfunika. Ndipo akamwangalia Inspekta, halafu akamwangalia Shangazi.

"Nilikwambia," alisema. "Nilikwambia yule si mama yangu. Ukaandika."

"Niliandika, mwanangu."

"Sasa kwa nini uliandika halafu ukanikabidhi kwake?"

Shangazi, aliyewahi kuwajibu mawaziri na mawakili, akainama akaanza kulikunja godoro la sakafuni. Inspekta akamshika Maswali bega na kumwambia wanaondoka. Mtoto akauliza nani atampa bibi maji. Inspekta akasema ataiambia hospitali imtume mtu kabla ya jioni.

Nje getini mama alikuwa amesimama mahali alipoambiwa asimame. Maswali alipomwona hakukimbia. Alisimama kwenye ngazi, akamkagua kwa makini kuanzia kichwani, kwa macho ya mtu aliyekwisha kudanganywa, akafika kwenye vidole vilivyopasuka. Akashuka. Walishikana pale kwenye changarawe kwa muda wote uliomchukua Inspekta kumtia mwenye nyumba pingu na kumkabidhi kwa askari wa gari la pili, na Inspekta, kusema kweli, hakufanya haraka.

Kisha akatoa amri mfukoni na kumsomea mama.

Mama hakuielewa mara ya kwanza. Alipoielewa akasema, "Mimi ndiye niliyewaonyesha shuka. Mimi ndiye niliyewaleta hapa. Sasa mnaninyima mimi?"

"Siku thelathini, mama. Akienda nawe leo bila vipimo, yule mwanamke hatafungwa."

"Mmemkamata?"

"Bado."

Shangazi alimvuta Inspekta pembeni. Alikuwa analia waziwazi, na sauti yake ya kubembeleza ilikuwa imekwisha. Alisema amwachie mtoto aende na mama yake, atasaini yeye, lawama zote ziwe juu yake, afukuzwe kazi akitaka. Haihitajiki maabara hapa, alisema, tazama tu. Naona kwa macho yangu kwamba huyu ndiye.

"Macho yako ndiyo yaliyotufikisha hapa," alisema Inspekta.

Maswali aliyasikia hayo. Alikuwa bado amemshika mama yake kiunoni. Akamwambia Shangazi atoe kalamu, na Shangazi akatoa.

"Andika. Huyu ndiye mama yangu."

Shangazi aliandika, neno kwa neno, na chini yake safari hii hakuongeza tathmini yoyote. Mtoto akasubiri mpaka alipomaliza. Halafu akamgeukia Inspekta, ambaye ndiye sasa aliyekuwa na uamuzi.

"Niliposema si yeye, mlinikabidhi kwake," alisema. "Nikisema ndiye, mnaninyima."

Inspekta alikuwa na jibu la kisheria, akalitoa lote, kuhusu ushahidi, na mahakama, na mabinti wengine ambao mwanamke yule angewauza kesho na keshokutwa. Lilikuwa jibu sahihi. Alipofika mwisho hakuna aliyekuwa amejongea, hata askari dereva, aliyejitia hamnazo akitazama tairi. Ikabidi Inspekta amwingize mtoto garini mwenyewe. Mama alifuata mpaka mlangoni na kushika ukingo wake, si kwa fujo, alishika tu, mikono yote miwili, akimwambia mwanawe ale, alale, asigombane na wenzake.

Inspekta alivibandua vile vidole kimoja kimoja, polepole ili asimuumize, akafunga mlango, akamwambia dereva aende.